Nilipofeli Kusoma Tumbo

Birmingham, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Nakuamkia kwa heshima, nikitumai hapo Majengo mu wazima na mvua imeliacha paa salama. Mimi mzima, ila nina hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu mwenyewe.

Nimefeli mtihani, Mama. Kabla kaka Salim hajakueleza kwa namna yake, nisikilize mimi.

Unajua nasomea tiba ya Kijapani kwenye kliniki ndogo huku Hockley, juu ya karakana ya sonara. Asili yake ni Uchina: mambo ya baridi na joto mwilini, kama wewe unavyosema tumbo limeingia baridi. Wajapani walivipokea vitabu vya Wachina, kisha baadhi yao wakachoka na maelezo marefu. Wakasema hali ya mgonjwa iko tumboni, basi liguse. Mwaka mzima nimegusa matumbo tu, sindano za kutibia sijazishika.

Siku ya mtihani nililetewa bibi mmoja Singasinga aliyekulia Kisumu, nitambue shida yake kwa kumgusa tumbo tu, bila kumuuliza. Kusikia natoka Mombasa akafurahi, akaninong'oneza: "Mtoto yangu, mimi nasikia uchungu hapa, right side, chini ya mbavu. Wewe sema hapo tu, utapita." Nami kwa uvivu wangu nikapapasa kidogo, nikatangaza: shida ni mbavu za kulia.

Mwalimu, mama wa Kijapani asiyepandisha sauti, hakubisha. Aliuchukua mkono wangu akauweka chini ya kitovu cha yule bibi. Palikuwa pamelegea, pana baridi kama unga uliokandwa jana.

"Maumivu yako juu," akasema. "Udhaifu uko hapa. Umesikiliza kwa sikio, mkono ukaulaza."

Nimeambiwa nirudie mwaka mzima, na nafasi ya tatu hakuna. Salim anasema niache, nirudi kwenye ukarani. Mwambie siachi. Nilifeli kwa kuiba jibu, na aibu hiyo sitaki kuja nayo nyumbani. Tangu juzi nafumba macho, namgusa kila anayekubali. Jirani yangu Msomali, aliyelelewa Garissa, amenicheka: "Wallahi wewe, next utataka tumbo la paka!"

Nisalimie shangazi Mwanaisha na mke wa Salim. Salim naye msalimie, ingawa wiki hii simpendi.

Nawe, Mama, kila nikipiga simu husema hujambo, hata pumzi ikikukatika. Nikija, usinieleze kitu. Lala tu chali, uniachie tumbo lako.

Mwanao king'ang'anizi,
Zainabu