Shoka la Baba, Mti wa Mama

Jumatatu, 4 Novemba
Nimekamua, nimepeleka maziwa barabarani, nimerudi na matope hadi magotini. Ufa wa ardhi nyuma ya nyumba, chini ya mkaratusi, umepanuka. Jana vidole viliingia, leo kiganja kizima. Mti umeinamia chumba cha Mama. Nyonga yake ilivunjika zamani, hatembei. Nikisema nimbebe tukalale kanisani, anageukia ukuta. Ananikasirisha.

Jumanne, 5
Mwenye mashine ya kukata miti yuko mjini Sake. Kwa barabara hii hapandi. Nimefukua shoka la marehemu Baba nyuma ya jiko. Kutu tupu, na kipande cha mpini kimekwama tunduni. Nimelitia motoni kipande kiungue. Kimeungua. Nikasugua kwa mchanga, nikanoa hadi jioni. Nikajisifu.

Jumatano, 6
Mimi mjinga. Mapigo matatu kwenye kuni, makali yamejikunja. Mvua kutwa.

Alhamisi, 7
Sokoni Masisi, kwa Papa Bahati, mhunzi. Alicheka mbele ya watu. "Dada, ulichoma kichwa ya shoka kama muhindi ya shambani? Moto ilikula nguvu yake yote." Haraka haraka haina baraka, najua, asinifundishe. Akayapasha makali hadi yakawa mekundu, akayazamisha majini, akayarudishia joto kidogo yasije yakamegeka. Akatia mpini mpya. Nimemwomba aje kuvuta mti kwa kamba nikiukata, usiangukie nyumba.

Ijumaa, 8
Ufa unameza mkono hadi kiwiko. Nimempigia Mama magoti. "Kama muti inaanguka, ianguke. Hautanibeba." Nikamfokea. Naona aibu, lakini nimemfokea. Kesho tunakata, yeye akiwa ndani.

Jumamosi, 9
Papa Bahati na majirani wawili walivuta kamba upande wa maharage. Shoka nililishika mwenyewe. Hakuna aliyetaka kuwa mtu aliyemwangushia bibi kizee mti. Lilikula vizuri. Kisha shina likaalika, likaanza kurudi upande wa nyumba. Nilimwita Mama. Jirani mmoja alianguka kifudifudi, kamba hakuiachia. Wakavuta, nami nikakata. Mti umelala juu ya maharage. Tawi limeng'oa bati moja la jiko, basi.

Jumapili, 10
Nilimpelekea Mama maziwa. Bila kuulizwa, akaanza kusema habari za marehemu kaka yangu Deo.

Siku tuliyokimbia vita, mimi nilitangulia na ng'ombe. Deo alibaki nyuma na Mama. Risasi ilimuua njiani, hilo nimelijua siku zote. Sikujua kwamba alikuwa amembeba Mama.

"Kama alikuwa peke yake, angekimbia," alisema. "Ni mimi njo nilikuwa muzigo."

Nilikaa kitandani kwake.

Baadaye akataka kuona kisiki. Nikachuchumaa, nikampa mgongo. Alichukua muda mrefu kabla ya kuweka mikono mabegani mwangu. Ni mwepesi sana. Tukatoka polepole.