Khanga Usoni mwa Jovina

Chang'ombe, 4 Mei 1953

Mwanangu Audax,

Baba yako nina miaka sabini na ushee. Wajerumani nimewaona wakija na nimewaona wakiondoka, ndui ilinishindwa, na chui wa Karagwe alinikimbia mwenyewe. Basi usiniulize kila barua kama nyumbani ni salama. Nyumbani nipo mie. Sie wazima, sijui wewe huko Tabora.

Mimba ya mkeo imekuwa kubwa. Jirani yetu Mwanakombo anasema jino linamsumbua Jovina, apelekwe mjini kwa Mohamedraza, mganga wa meno. Nimekataa. Mwenye mimba hang'olewi jino, damu ikitoka juu mtoto naye hushuka. Kila mimba hula jino lake. Mama yako alizaa sita na hakulia.

Lakini mkamwana nimepata. Siku hizi akiniletea maji hujifunika khanga uso mzima, yakabaki macho. Hata kusema na mie hasemi. Hiyo ndiyo heshima ya kwetu.

Baba yako,
Kornelio

Tabora, 11 Mei 1953

Shikamoo baba,

Mie mzima, ila barua yako imenitoa jasho. Jovina mbele yako hufunika kichwa, hajawahi kufunika uso. Hiyo si heshima, baba, anaficha kitu. Najua mkwe hatazami kinywa cha mkamwana, wala hamli pamoja, basi utajuaje kama anakula? Mke wa mwenzangu Fransis alianza hivyo hivyo: jino, shavu, homa. Tulimzika na mtoto tumboni. Ruhusa nimeomba, nimenyimwa. Nakupigia magoti, mwambie afunue.

Mwanao,
Audax

Tabora, 25 Mei 1953

Shikamoo baba,

Treni ya barua imepita tena bila neno lako. Kama kuna msiba niambie wewe, nisiusikie kwa watu.

Mwanao

Chang'ombe, 27 Mei 1953

Mwanangu,

Nilikawia kwa kuwa sikujua niandike habari za wawili, za mmoja, au za kaburi.

Barua yako ilipofika nilimwita nikamwambia, "Funua."

Akasema kwa shida, "Baba, ni mwiko."

"Mwiko niliuleta mie hapa Chang'ombe. Nitauondoa mie."

Akafunua. Shavu limevimba hadi chini ya jicho, mdomo haufunguki vizuri. Chui hakunitisha, lakini shavu lile lilinitisha, nikampeleka mjini siku ile ile.

Mohamedraza alinigombeza mbele ya watu. Alisema kinachoua ni usaha, si kung'oa, na mwenye mimba ndiye wa kuletwa mapema. Nikamwacha aseme. Sindano ya ganzi haikushika sawasawa kwa ule uvimbe, ikabidi kichwa kishikwe jino likitolewa. Nilikishika mie, mkwe wake. Tukarudi na homa ikarudi nasi, mtoto akatulia tumboni, hachezi. Nikawa nakaa nje ya pazia nasikiliza anavyohema, naogopa hata kukohoa.

Jana homa imeshuka. Amekunywa uji mbele yangu, wala sikugeuza uso.

Ukiambiwa nililazimishwa, usikubali. Muulize Mohamedraza nani alishika kichwa. Muulize Mwanakombo. Na yupo huyo wa tumboni, leo asubuhi amempiga Mwanakombo teke kiganjani. Akitoka, naye muulize.

Baba yako,
Kornelio