Karatasi Niliyojifanya Kuisoma

Mpendwa Kirimi, ndugu yangu mdogo,

Mimi sasa nina miaka tisini na moja. Nimezika wake wawili na machifu wanne wa hapa Githongo. Hata yule mzungu aliyenifukuza shambani kwake Timau, nasikia alikufa zamani. Meno yangu yamebaki saba, na mahindi ya kuchoma natafuna. Hakuna wa rika letu aliyenifikia.

Nakuandikia kwa sababu ya mwanamke mmoja wa Meru mjini, wanamwita kaunsela, kazi yake ni kusikiliza yanayowasumbua watu. Daktari wa macho alileta fomu nitie sahihi nipasuliwe jicho, nikairarua mbele yake. Ilikuwa ya tatu. Basi binti yangu Kanana akanipeleka kwa huyo mama kabla sijapofuka kabisa.

Nilimshuku tangu mlangoni. Hana meza. Akaniambia, "Mzee, chagua kiti mwenyewe." Nikachagua kinachotazama mlango. Akauliza, "Leo ungependa tuongee nini?"

Nikamwambia, "Wewe ndiye umesoma. Kwani hujui kazi yako?"

Akacheka. "Maisha yako unayajua wewe, mzee. Mimi nitakufuata tu."

Kirimi, mimi si mtu wa kudanganywa. Anayekufuata polepole hivyo anangoja uteleze. Yule karani wa kambi ya Embu, wakati wa Emajensi ya wakoloni, vita vya Mau Mau, naye alikuwa na sauti laini. Alitugawia sigara, ukavuta yako na yangu.

Nilienda mara tatu, na mara zote nikampa habari za ng'ombe. Hakukasirika. Kila tukimaliza ananipa daftari. "Soma nilichoandika. Nilipokosea, futa." Mara mbili sikuligusa. Nikajua ni mtego. Mara ya tatu nikalisogeza karibu na jicho zima, nikafuata maneno kwa kidole. Ng'ombe, Timau, ng'ombe tena. Chini kabisa: "Alichunga na ndugu yake. Hataki kumtaja."

Nani alimwambia sitaki? Nikafuta. Nikaandika Kirimi.

Basi ikatoka. Nikamwambia jinsi karani alivyouliza kama najua kusoma, na wewe nyuma yangu kwa foleni ukanong'ona, "Sema hujui, M'Ikiara. Sema tu." Nikakujibu, "Nyamaza, mimi ni mkubwa wako." Nikaishika ile karatasi kama mwalimu, nikaikazia macho, nikaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa. Nikachora jina langu, maana hilo tu ndilo nililojua kuandika. Karani alipoisoma kwa sauti ndipo nikasikia kwamba mimi nimesema wewe ndiye unayewapelekea watu wa msituni chakula. Ukapakiwa kwa lori nikiona. Mpaka leo sijui ulizikwa wapi.

Baadaye nilikuwa wa kwanza kumaliza ngumbaru, yale masomo ya watu wazima, na wazee wenzangu wakanisifu. Sikuwaambia nilikuwa nakimbilia nini. Na mama alipouliza nani alikutaja, nikasema sijui.

Nilingoja kaunsela aseme sikuwa na makosa, nimtukane vizuri nitoke. Hakusema. Aliuliza, "Ungetaka Kirimi ajue nini?"

 Nikamwambia hilo nitakuandikia mwenyewe, bila mtu wa kunishikia kalamu.

Nataka ujue kwamba nilikusikia. Kanana ananifahamu kama mtu wa masikio mazito tangu ujana. Huo uwongo niliutengeneza mimi, ili ionekane sikukusikia. Nilisikia kila neno lako, na nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Niliona aibu mbele ya karani. Nisamehe.

Huyo mama bado simwamini sana. Fomu ya jicho iko hapa. Nimesoma ukurasa mmoja, umebaki mmoja, na hakuna wa kuniharakisha.

Lala salama popote ulipo.

Ni mimi mkubwa wako,
M'Ikiara

Kwamba niliyasema haya, muulize Kanana, alikuwa kwa benchi nje. Muulize kaunsela, daftari analo. Ya kambini, shahidi wangu ni wewe peke yako.