Maandishi Yangu Sifuti

S.L.P. 46,
Kibirichia.
12 Julai 2025

Mpendwa kaka Adrian,

Pokea salamu za huku kwenye baridi. Vidole vimeganda lakini vitaandika tu. Mnaendeleaje huko Kanada, wewe, Marcella na mtoto? Mama ni mzima, ila goti linamsumbua. Viazi vimekubali mwaka huu. Madalali ni wale wale.

Jumapili simu ilikatika kabla sijakujibu. Ulisema nifute maandishi yangu mtandaoni, nimwombe Mwongera msamaha, anirudishe kazini. Kaka, sifuti.

Ati ni mali ya ofisi yake! Aliniajiri 2023. Kipande cha kwanza cha msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, nilikihifadhi 2019, kwa ile simu ya kioo kilichopasuka. Si unajua mvua ikinyesha hapa mtandao unapotea? Kwa hivyo kila nilipopata dawa ya hitilafu niliinakili, na chini yake nikaeleza kwa Kiswahili inafanya nini na inakwama wapi. Hakuna chuo kilichonifunza. Leo ni vipande mia tatu na kumi na viwili. Vya ofisi hapo ni sufuri, niliviacha vyote kwenye kompyuta yao.

Kinachomuuma ni kile cha magunia. Programu yake ya malipo ya wakulima ilihesabu kila gunia la viazi kuwa kilo hamsini. Nani huku hajui lumbesha? Gunia hilo hilo linashonewa wavu juu mpaka linafika kilo mia na ishirini. Sabini za mkulima zinapotea hivyo. Nilimwambia. Akanijibu, "Kinya, wewe andika, kufikiria niachie mimi."

Basi nikaandika, nyumbani kwangu: usihesabu magunia, pima kilo. Na mistari tisa ya kuifanya hiyo kazi. Wakulima wa upande wa Kanyakine wakaichukua, wakaanza kuuliza kilo zao zinaenda wapi. Wiki hiyo hiyo nikafutwa kazi.

Unauliza nitakula nini. Nitakula viazi! Na kazi ndogo ndogo zinakuja, mbili mwezi huu, kutoka kwa watu waliosoma hayo hayo maandishi.

Ombi langu ni moja: usimpigie Mwongera kuniombea. Ukishindwa kabisa kunyamaza, mwambie umeongea na Kinya na amekataa.

Mama, shangazi Karambu na jirani yetu Kaburu wanawasalimu. Mungu awape riziki isiyo na masharti.

Wako akupendaye hata tukibishana,
Kinya