Pua Yangu na Uyoga wa Mialoni

Nyumba ya mwisho chini ya msitu,
Valea Gorunului.
Jumanne, 14 Oktoba 2003

Mpendwa mwanangu Domnica,

Pokea salamu zangu, wewe na mkwe wangu Traian. Hamjambo huko Bologna? Mgongo wako je, bado unauma kwa kumwinua yule bibi mnene unayemtunza? Mwambie ajisukume kidogo na yeye, mikono anayo. Mimi sijambo, ni magoti tu. Ng'ombe hajambo. Ukame umekwisha, mvua imenyesha siku tisa mfululizo na paa la zizi limevumilia.

Kabla hujaendelea, jua kwamba mwanao Ilinca ni mzima. Yuko hapa kizingitini anamenya kokwa za jozi, mikono myeusi kwa maganda mpaka kiwikoni, na anaimba vibaya kama baba yake. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nakujua, ungeruka mistari ukilitafuta. Sasa soma polepole. Ukimaliza utaamua kama mtoto aendelee kukaa kwangu au la, na utakaloamua sitalipinga.

Naandika kwa mkono wangu, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Sabina wa jirani angeweza kuniandikia, lakini angenipamba. Kwenye simu ya dukani siwezi kusema haya, duka limejaa masikio. Shule sikuiona, wewe ndiye uliyenifundisha herufi ulipokuwa darasa la kwanza, kwa mkaa juu ya ubao wa kukatia mkate, na ulikuwa mkali kuliko mwalimu wako. Basi nivumilie.

Mwanangu, pua yangu imekufa. Ni yale mafua ya Februari. Mafua yalikwenda zake, harufu haikurudi, wala ladha. Sabuni, jibini, samadi, vyote kwangu ni kama maji. Nilingoja majira ya kuchipua, nikangoja kiangazi. Nilichoma maziwa jikoni mara mbili nikiwa nimesimama palepale, na ni Ilinca aliyekuja mbio kuniambia nyumba inanuka. Sikumwambia mtu.

Unajua kwa nini. Jumamosi za uyoga wanawake wa kijiji kizima huweka vikapu vyao kwenye benchi langu langoni, nami napitisha mmoja mmoja, huu kula, huu tupa. Miaka arobaini. Wananiachia uyoga wa kiganja kimoja kila kikapu na habari za wiki nzima. Tangu baba yako afariki, hizo ndizo siku ambazo lango langu hufunguliwa na mkono usio wangu. Nikasema moyoni, nikitangaza kwamba pua haipo, nani atakuja? Ni kiburi, najua. Usinihurumie katika hili.

Uyoga wenyewe unaukumbuka, ule wa maziwa unaoota chini ya mialoni. Ule mzuri kofia yake ni kahawia iliyoiva, na juu yake pete hafifu kama bwawa lililotupiwa jiwe. Ukiukata unatoa maziwa mazito kama ya ng'ombe aliyezaa juzi, nayo hayabadiliki. Mwingine unafanana nao kama dada, kofia yake imepauka kidogo tu, na maziwa yake hutoka meupe, lakini kabla hujafika "ufalme wako uje" yamekuwa ya manjano kama kiini cha yai. Huo unapindua tumbo.

Mimi nilikuwa sihitaji kukata wala kusali. Ule mzuri unanuka kunguni. Nilikua kwenye nyumba ambayo kunguni walikuwa wengi kuliko sisi, na harufu yao ningeijua hata kaburini. Nilikuwa naweka uyoga puani na kumaliza kazi.

Basi mwaka huu pua haipo, na macho nayo yana mtoto wa jicho. Kila cheupe nakiona cha manjano, shuka, theluji, hata ndevu za padri. Maziwa ya uyoga yote yananionyesha rangi moja. Nikakata shauri la kijinga kuliko yote niliyowahi kukata. Nikamketisha Ilinca kando yangu kwenye benchi nikawaambia wanawake kwamba namrithisha kazi. Wakafurahi. Wakamletea peremende.

Nilikuwa namsogezea uyoga namuuliza, "Unanuka kunguni?"

Mara ya kwanza akaniuliza, "Bibi, kunguni wananukaje?"

Hapo ndipo nilipopaswa kukoma. Mtoto wa miaka saba, amezaliwa kwenye magodoro safi, kunguni hajamwona hata kwenye picha. Nikamwambia ni kama nguo mbichi iliyosahauliwa kwenye beseni, halafu imwagikiwe mafuta ya kupikia yaliyokaa sana. Akavuta pua mpaka macho yakamtoka, akasema, "Ndiyo, Bibi. Kunguni mtupu." Nami nikacheka kwa furaha, nikambusu kichwani mbele ya watu. Tangu hapo kila uyoga ulikuwa kunguni mtupu.

Jumamosi mbili tulipita hivyo na Mungu akatufunika.

Alhamisi ya tarehe mbili tulikwenda wenyewe, mimi na yeye, kwenye ile mialoni mitatu juu ya kisima. Tulirudi na kikapu kidogo cha uyoga. Nikaupika na krimu chachu na kitunguu kama unavyoupenda, na ugali wa mahindi pembeni. Ilikuwa saa sita mchana, dirisha wazi.

Alikula kijiko cha kwanza akasema, "Bibi, ni mchungu kidogo."

Mimi nilikuwa nakula uleule. Kinywani mwangu haukuwa mchungu wala mtamu, haukuwa kitu. Nikamwambia ni ukame, mwaka huu mialoni imeteseka. Nikamwambia kula, mwanangu, usimwage kazi ya miguu yako. Akala. Alimaliza sahani, Domnica. Akafuta na ugali.

Hilo ndilo nililotaka kukuandikia. Mengine ni maelezo tu. Aliniambia ni mchungu nikamwambia kula.

Saa nane alianza kutapika, na alipokwisha kutapika akaendelea kutapika hewa. Mimi tumbo lilininyonga tu, tumbo langu limezoea vita. Yeye alikuwa mweupe hata mimi nikauona weupe wake. Mume wa Sabina alitupeleka mjini kwa gari, nami kiti cha nyuma nimemshika, mwepesi kama kuku.

Daktari ni msichana mdogo, mpole. Aliniuliza mmekula uyoga gani. Nilikuwa nimefunga mabaki kwenye leso nikamfungulia. Akaangalia, akanusa, akaniangalia mimi. "Bibi, wewe ndiye wa kijijini. Niambie wewe." Watu wa kijiji kizima huniletea vikapu, mwanangu. Nilisimama na leso mkononi. Sikujua kilichokuwa ndani yake.

Mtoto alilala huko siku tatu na mpira wa maji mkononi. Siku ya pili daktari akasema atapona kabisa, na kweli amepona. Sikukupigia simu. Nilisema usipande basi siku mbili njia nzima ukilia. Lakini pia niliogopa sauti yako. Liongeze hilo juu ya mengine.

Kitandani pale akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa. "Bibi, mimi kunguni siwajui. Nilikuwa nasema ndiyo kwa sababu ulikuwa unafurahi." Nilimwambia hana kosa. Nawe usije ukamgombeza kwa uongo huo hata siku moja. Ukimgombeza tutakosana.

Jumamosi iliyopita Sabina alikuja na kikapu chake kama kawaida. Nilimwambia akirudishe, sipitishi tena.

"Kwa sababu ya mtoto? Mama Saveta, ajali humpata kila mtu. Ukipumzika wewe sisi tule nini, misumari?"

Nikamwambia pua haipo.

"Tangu lini?"

"Februari."

Kikapu kiko nyongani, nikamwona anahesabu kwa vidole. "Mimi nimekula kwako Jumamosi mbili," akasema. "Na mama mkwe wangu nimempelekea bakuli." Akafikiri. "La mama mkwe nitaishi nalo."

Nikamwambia anuse mwenyewe, nijue kama kuna mtu mwingine anayeweza. Akanusa. "Unanuka uyoga," akasema. Nikamwuliza kunguni hawamo? Akaniambia yeye alizaliwa baada ya ile dawa nyeupe ya wadudu kupigwa nyumba zote, kunguni anawasikia kwenye masimulizi. Nikapiga hesabu ya kijiji kizima kichwani, nyumba kwa nyumba. Waliowajua kunguni wako makaburini, isipokuwa mimi na mzee Simion, naye siku hizi hajui hata jina lake mwenyewe. Ninachokijua kimo humu ndani na sina njia ya kukitoa. Nitamwambia mtu kwamba unanuka kama nini?

Tulimwaga kikapu kile kwenye samadi, yeye na mimi. Benchi nimeliingiza ghalani.

Ningeweza kuishia hapo nikakuomba msamaha, na wewe ungenisamehe, una moyo huo. Ungesema basi Mama asipike uyoga tena. Lakini ngoja nikwambie la jana.

Tangu turudi kutoka hospitali namwangalia mtoto akila. Nilidhani ataogopa chakula changu. Nilidhani atanusa kijiko, ataomba Sabina aonje kwanza. Ningefurahi. Hafanyi hivyo. Nikimpa anakula, ananitazama usoni huku anakula, na akimaliza anasema kilikuwa kizuri. Jana asubuhi nilimpa kikombe cha maziwa. Sabina aliingia kuazima chumvi, akakichukua kikombe kwenye meza akakinusa, akaniuliza mbona nimempa mtoto maziwa yaliyochacha. Kikombe kilikuwa kitupu. Nilimwuliza Ilinca, "Hukuyasikia ukali?" Akasema aliyasikia, lakini hakutaka nihuzunike.

Ataninywea chochote, Domnica. Nikikosea tena atanywa na kunyamaza, na mimi sitajua mpaka awe mweupe. Nimeshamwambia aseme. Nimemwambia kwa upole na kwa ukali, nimemwapisha mbele ya sanamu ya Mama wa Mungu, naye anaitikia ndiyo Bibi, kwa sauti ileile ya kunguni.

Juu kule niliandika utaamua wewe, lakini njoo umchukue. Usitume pesa ya kutibu macho yangu, njoo. Kama bibi yako mnene hakuruhusu, mtume Traian. Nitamfungia nguo zake zote na lile koti jipya, na sitalia langoni, nitalia akishapita daraja. Mpaka mtakapofika anakula kwa Sabina, asubuhi na jioni. Kwangu anakuja kulala tu na kunichana nywele.

Gavril, dereva wa basi la Italia, anaondoka Jumamosi, barua hii inakuja naye pamoja na gunia la jozi na chupa nne za jamu ya plamu. Jamu imeonjwa na Sabina, si mimi.

Nisalimie Traian, na binamu yako Octavian kama bado yuko Modena, mwambie mama yake anamngoja aandike hata mstari mmoja. Sabina na mumewe wanawasalimu. Ilinca anakusalimu, amechora farasi nyuma ya karatasi hii. Anasema ni ng'ombe.

Mungu awashike mkono pale wangu usipofika, na awafikishe hapa salama, mapema.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda hata leo unaponisoma,

Saveta