Fimbo Yako na Wapiga Mbizi wa Kalimnos

Kaka Mahfudhi,

Assalaam alaykum huko uliko. Ni mimi Zainabu, uliyekuwa ukiniita bubu wa Miburani kwa kuwa mgeni akibisha hodi nakimbilia jikoni.

Arobaini yako imepita. Tajiri wa boti alileta gunia la mchele, akala wa kwanza. Nilitazama vidole vyake vinavyong'aa samli, nikaisukuma sahani yangu. Ndiye aliyekushusha baharini kwa kificho, boti ya doria ya hifadhi isiwaone, uokote majongoo bahari huku ukivuta kwa mpira upepo wa mashine ya kujazia mataili. Ulisema ni kama kulamba dizeli. Uliporudi miguu imekufa ganzi, ubani pia alileta yeye. "Jini la bahari hilo," akasema, nasi tukafukiza mpaka tukakohoa. Tulipokumbuka hospitali, ulikuwa umeshaanza kutembelea fimbo. Halafu vidonda. Halafu… basi.

Sasa sikiliza. Shuleni nimesoma kitabu cha Kiingereza juu ya kisiwa cha Ugiriki, Kalimnos. Waturuki walikitawala, kisha Waitaliano, kama sisi na Waarabu na Wajerumani. Karibu chote ni mlima wa mawe, pa kulima ni haba, kwa hiyo wanaume waliishi kwa kuzamia sponji. Zamani walishuka na jiwe mkononi na pumzi zao tu. Likaja vazi la kuzamia lenye mpira wa upepo. Wakakaa chini zaidi, wakipanda upesi, wakarudi wanakokota miguu. Kama wewe, kaka! Jini halikutajwa. Ni mapovu ya ule upepo ndani ya damu.

Wana ngoma moja: anayeongoza hushika fimbo, magoti yanamtetemeka, na watu wanawakumbuka wapiga mbizi wao. Hapa vijana wa kijiweni waliuigiza mwendo wako kwa kucheka: "Pisheni, Mahfudhi anapita!" Kinyaa hakijanitoka.

Juzi tajiri karudi na gunia jingine. "Mama, nipe huyu Nassoro azamie. Jini limeshakula hapa, halirudii nyumba moja." Mdogo wetu akatazama kandambili zake. Nikataka kusema yote ya kitabuni, ulimi ukagoma, unanijua. Nikachukua fimbo yako nyuma ya mlango. Nikatembea kama wewe mpaka miguuni pa tajiri, magoti yakitetemeka, nusu kuigiza, nusu woga.

"Zainabu, una wazimu?" Mama akafoka. Kisha akautambua ule mwendo, akajifunika uso kwa kanga.

Nassoro akanyanyuka, akalibeba gunia, akalibwaga juu ya pikipiki ya tajiri. Likapasuka. Kuku wa jirani walishinda pale wakidonoa mchele. Ndipo ulimi ukafunguka, nikawaeleza yale mapovu.

Lakini mashine bado anayo. Nasikia amepata kijana mwingine, kijiji cha Bweni.

Pumzika, kaka, Mungu akupanulie kaburi. Shule ikifungwa nakwenda Bweni. Fimbo naichukua.

Bubu wako,
Zainabu