Maji Yalichemka Juu ya Kaburi Lako

Papa Kalunga, mume wangu,

Maji yamechemka juu ya kaburi lako. Bila moto! Mimi njo nasema, mujukuu wetu Feza njo anaandika, na nimemukataza kunyoosha maneno yangu.

Unajua desturi yetu: kabla ya kumaliza matanga, mujane anapaka kaburi la mume wake chokaa, kwa mukono wake mwenyewe, ndugu wakiangalia. Nikakumbuka mufuko wako kwenye kona, yale mawe meupe uliyotoa kwenye tanuru lako la chokaa kabla ya kuugua, ukayafunika vizuri. Uliniambia, "Mama Kalunga, usiyaguse, hayajakunywa." Nikakucheka: katika nyumba hii mulevi ni mumoja, na si jiwe. Ukacheka mpaka ukakohoa. Hukuongeza neno. Miaka yote ulileta chokaa laini, baridi kama uji uliolala, mimi napaka tu.

Basi nikatwanga nusu yake, nikatia katika ndoo ya plastiki, nikaisimamisha pale pale kwenye kaburi, nikamwaga maji ya ziwa. Kimya. Halafu ikalia, ssss... ikavimba, mvuke ukapanda, ndoo ikalegea ikaanguka, na ule uji mweupe ukatokota juu ya kichwa chako.

Dada yako Zaina akapiga kelele: "Ndugu yangu anakataa mukono wako! Wewe njo ulimukula! Mulozi! Muchawi! Utoke katika nyumba yake!"

Watu wakakimbia. Mimi nilibaki. Kilichonivunja si mudomo wa Zaina, ule naujua tangu siku ya mahari. Ni kwamba niliamini. Nikakuuliza: Papa Kalunga, hata wewe? Mimi niliyekuosha, niliyekulisha na kijiko, unanichemkia mimi?

Feza alipotoka masomo nikamuhadithia. Akanikumbatia: "Nkambo, huyo si babu. Hiyo ni shimi, kemia tunayosoma." Anasema moto wa tanuru unafukuza hewa iliyofungwa ndani ya jiwe, linabaki kitu kinaitwa oksidi, na oksidi hiyo ina kiu. Ikipata maji, inatoa joto lake lote. Ikishakunywa, inatulia, njo ile ya kupaka. Hata kutu ya mabati yetu ni oksidi, chuma kilichoshikana na hewa. Juu ya kichwa changu, Papa Kalunga! Na hakuna aliyeniambia!

Nikamuita Zaina uani. Mawe yaliyobaki, isipokuwa moja, nikatia katika chungu cha chuma, nikampa yeye kata yenye mukono murefu. "Mwaga wewe." Akamwaga. Ikachemka kuliko ya kwanza. Nikamuuliza, "Wifi, na wewe njo ulimukula?" Akakaa chini kwenye mavumbi, akacheka, kisha akalia, nikalia naye. Tulikuwa hatujakulilia pamoja.

Kaburi lako sasa ni jeupe. Nimelipaka mimi, Zaina ameshika ndoo.

Lala, mume wangu. Nimekudhania vibaya siku moja, wewe ulijaribu kunionya na nikakufanya mulevi, tumelingana. Kila mwaka nitakupaka, na nitaacha chokaa ikunywe kwanza mpaka ishibe. Jiwe moja nimelificha mahali pakavu. Siku watakapomuita mujane mwengine hapa Kalemie mulozi, nitafika nalo, na maji yangu.

Muke wako,
Mama Kalunga